Miti Miwili ya Jeneza la Kabuku

Kabuku, Handeni
8 Mei 1975

Dada yangu mpenzi Mwaija,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kilole, na kwamba kifua cha mama kimetulia tangu mvua zianze. Mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri, ila nguruwe wa porini wanatusumbua, nami namshuku jirani yangu kwamba anawafukuzia shambani kwangu makusudi.

Maneno uliyomtuma Bernadina nimeyapata. Amesema hurudi tena kwa mumeo Hiza, unataka talaka, kwa kuwa huwezi kumpikia mwanamume aliyewauzia Wazungu miti iliyombeba baba kwenda kaburini. Dada, kabla hujaenda kwa kadhi, nisikilize. Yako mambo hukuyajua.

Wale Wazungu wawili walipofika mwezi wa pili walikuja na barua ya wilaya. Ilisema wanatafuta mabaki ya ndege ya Waingereza iliyoanguka huku katika vita vyao na Mjerumani, wayarudishe kwao Uingereza ikaundwe upya, maana ndege za namna ile zimebaki chache mno duniani. Mimi unanijua, hata chumvi ya dukani naionja mara mbili. Nilijiuliza ni nani mwenye akili timamu avuke bahari kufuata chuma chenye kutu. Tena yule mzee wao alisema Kiswahili. Nilipomuuliza alikojifunzia, akajibu kwamba zamani alikuwa msimamizi wa mkonge Mazinde. Hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Mashamba yameshataifishwa, sasa karudi kutafuta nini? Nikawa nahesabu masanduku yao asubuhi na jioni, na kila walipopiga picha nikaandika kamera ilielekea wapi.

Koisaba mfugaji aliwapeleka nyikani ilikolala injini, na shemeji Hiza, kwa kuwa ndiye fundi seremala wetu, akapewa kazi ya kutengeneza masanduku ya kuisafirishia. Wazee wakakubaliana kwamba vyuma wachukue, lakini habari za jeneza la msikiti zisitoke mdomoni mwa mtu. Wewe na mimi tumekua tukijua kwamba ile miti yake miwili ya kubebea ilitolewa kwenye bawa la mbao la ndege ile, na kwamba wazee wa babu waliichagua kwa wepesi na ugumu wake. Kabuku nzima imebebwa juu yake, masikini na mwenye nacho.

Wiki mbili hazikupita ikaja barua nyingine yenye muhuri, inaitaka miti ile, na imeeleza hadi mahali jeneza linapowekwa. Wazee walibishana siku mbili, mwisho wakaitoa. Bibi Hamisa alipofariki tulimpeleka kwa kitanda cha kamba, kinayumba huku na huku, na watu walilia kwa hasira kuliko kwa msiba. Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti akasema kikulacho ki nguoni mwako, akauliza ni nani aliyetoa siri. Macho yote yakamgeukia Hiza. Alikuwa akishinda na Wazungu, na mwaka jana ndiye aliyebadilisha ubao wa kati wa jeneza. Aliapa kwa Mwenyezi Mungu, hakuna aliyemwamini, nawe kesho yake ukafunga nguo zako. Tangu siku ile hakuna anayempelekea hata kiti kimoja kutengeneza, na msikitini watu humwachia nafasi kushoto na kulia.

Dada, aliyetoa siri ni mimi.

Sikuuza. Wallahi sikupokea hata kiberiti. Nilitaka kumkamata yule mzee. Niliona kama ni mpelelezi, basi mambo ya ndege hayajui, nikaazimia kumpima. Alhamisi moja baada ya alasiri nikampeleka ubavuni mwa msikiti, nikajifanya mjinga, nikamuuliza hii miti ni mti gani. Nilitegemea atasema mvule, nimpeleke polisi, nisifiwe wilaya nzima. Akavua kofia. Akapitisha vidole chini ya mti, kwenye zile alama tulizodhani ni za fundi wa zamani, akazisoma polepole, zilikuwa tarakimu. Kisha akaniuliza ni nani waliobebwa juu yake. Nikamwambia watu wote, na baba yangu pia. Akaniomba ruhusa ayaandike maneno hayo, nami, mpumbavu wa kutupwa, nikafurahi kwamba maneno yangu yanaandikwa.

Kwenye kikao, muhtasari niliuandika mimi, maana mimi ndiye katibu. Jina la Hiza nililiandika kwa mkono huu unaoandika sasa. Wahenga wamesema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Huu niliutega mwenyewe, akanasa mumeo. Naona haya, dada. Niliwashuku watu wote wa Kabuku isipokuwa yule ninayemnyoa ndevu kila asubuhi. Kesho Ijumaa, baada ya sala, nitasimama niliseme hili mbele ya watu wote, na watakalonifanya ni haki yangu.

Nisalimie mama, nisalimie watoto wa shangazi, na majirani wote wa Kilole wanaoniulizia. Mwambie mama nitamletea mahindi mapya nikijaliwa kuvuna.

Aliyekuletea barua hii ni Hiza mwenyewe. Nimemwambia ni maelezo ya dawa ya kifua cha mama, naye hawezi kuisoma, darasa la watu wazima hajalimaliza. Nimeshindwa kumwambia usoni. Usimwache kibarazani, dada. Mkaribishe ndani, mpe maji, kisha umsomee yote kwa sauti, na pale penye muhtasari usiparuke.

Ni mimi mdogo wako,
Mbwana,
katibu wa kijiji hadi kesho