Zamu ya Mkasi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bati linavuja palepale, juu ya cherehani ya Mama Pacha. Kaifunika nailoni, yeye mwenyewe kahamia karibu na mlango, anashona huku anaimba ovyo.

Leo mkasi umehamia kwa binti yangu. Ndiyo desturi yao tangu wafungue hiki chumba cha ushonaji, mbele ya changu: kila Jumatatu mkasi unahama. Anayekata ndiye anayepokea wateja, anayepima, anayeamua nani ashone nini, na wale wawili wanamsikiliza. Wiki ikiisha anarudi kwenye cherehani na yeye anasikiliza. Hakuna mkubwa. Mama Pacha husema ukubwa ni kama upele, ukikaa kwa mtu mmoja unageuka kidonda.

Kabla ya chai akaingia msichana ana kompyuta begani. Mshauri, anatoka kwenye ule mpango wa kuwasaidia wanawake wenye biashara na wanaoajiri wenzao. Akanipa shikamoo. Akatazama chumba: binti yangu kasimama na mkasi, wawili wameinama wanashona.

— Hongera, mama! Una wafanyakazi wawili!

Binti yangu akafungua mdomo. Mama Pacha akamuwahi: huyu ndiye bosi wetu, mkali huyo, hata chai tunainywa tumesimama! Wakacheka wote, mpaka mwenzao wa tatu tunayemwita Kimya, ambaye kicheko chake hakina sauti. Msichana akaandika.

Angekuja Jumatatu ijayo, angemwandika Kimya.

Alhamisi, 7 Machi

Mshauri karudi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ile shule iliyokuwa ikiwapa kazi ya sare imeihamishia kazi hiyo kiwandani. Mwenye nyumba naye hapiti tena bila kubisha kudai kodi. Mpango unatoa cherehani za umeme na kibanda katika jengo jipya la soko, lenye paa la kweli. Lakini lazima biashara iwe na mwenyewe mmoja, na awe na watu aliowaajiri.

Nikauliza: na kama wote watatu ni wenyewe? Akanijibu kwa upole, hilo ni dirisha jingine, babu yangu, fungu la vikundi, na limefungwa mpaka mwakani.

Mwakani! Hawa mwisho wa mwezi hawajui watauonaje.

Wakashauriana kwa lugha ya kwetu. Binti yangu hakutaka — naandika hili ili nisije kumdhulumu baadaye. Alisema, Dada, wewe ndiye mkubwa, andikwa wewe. Mama Pacha akakataa. Umeshaandikwa, mdogo wangu, ukibadilisha watatuona matapeli. Na jina halichubui mtu. Kimya akatikisa kichwa kukubali. Kiswahili anakielewa chote lakini hakimtoki. Miaka yote hii anakiazima kama mwiko wa jirani, akimaliza anarudisha.

Mimi ni kinyume chake. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu lugha ya kwetu haina tena wa kuisoma. Nimebaki nayo mdomoni, kwa watu watatu. Nao ndio hao walio nyuma ya pazia la chumba changu.

Jumatatu, 11 Machi

Mkasi haukuhama.

Binti yangu alikuwa semina Ijumaa na Jumamosi. Karudi na mfuko wa nguo wenye nembo, na maneno mapya: tija, mnyororo wa thamani, mgawanyo wa majukumu. Asubuhi Kimya alinyoosha mkono kuupokea mkasi kama kawaida. Binti yangu akasema tungoje kidogo, wakaguzi wanaweza kuja siku yoyote, wasitukute tumebadilishana.

Ni kweli tupu. Siwezi kumlaumu.

Kimya akaurudisha mkono. Akaukunja mapajani kama kitambaa, akakaa.

Jumatano, 13 Machi

Mama Pacha bado anafanya mzaha, ila mzaha sasa una mifupa. Bosi, naomba ruhusa nipige chafya. Bosi, nimepumua mara mbili, utanikata? Binti yangu alicheka mara ya kwanza.

Mchana akaja mteja, mama mmoja mwenye haraka, akalalamika pindo limeenda upande. Binti yangu akamwambia: samahani sana, ni wafanyakazi wangu, nitawaambia.

Pindo alilipiga yeye mwenyewe. Nilimwona.

Mteja akatoka. Cherehani zote mbili zilikuwa zimenyamaza. Mama Pacha akasema polepole, haya, tuambie. Binti yangu akasema: Dada, ni lugha ya biashara tu, ndivyo tulivyofundishwa. — Na sisi tukafundishwe wapi? akauliza Mama Pacha. Semina mlikwenda wangapi?

Binti yangu akachukua mkasi, akaanza kulifumua lile pindo.

Ijumaa, 15 Machi

Maji yamezidi unga.

Mshauri kawaambia wafanye mazoezi: wakaguzi watamhoji kila mfanyakazi peke yake. Wakafunga mlango. Binti yangu akakaa kwenye kiti changu, akawa mkaguzi.

— Unaitwa nani?

— Unanijua, akasema Mama Pacha.

— Dada, tafadhali. Bosi wako ni nani?

— Mungu. Na yule mume wangu marehemu, kidogo.

Kimya akatabasamu. Binti yangu hakutabasamu. Akasema kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo: ukileta mchezo tutakosa, na tukikosa tunafunga wote, wewe na wanao mtakula nini, utani?

Kimya akainamia cherehani yake.

Mama Pacha akasimama, akapangusa nyuzi kwenye kanga. Akasema, na sauti haikupanda hata chembe: katika lile hema la kambini, tulipokimbia kwetu, wewe na mimi tulilala chini ya blanketi moja. Usiku ukilia nilikuwa nakuachia upande mzima. Sikukuuliza nani bosi wa blanketi.

Nilitaka kutoka niseme neno. Neno gani? Nilikwisha kuona nchi nzima ikigombana hivi, kila upande una hoja yake nzuri, na wazee tumekaa nyuma ya pazia tunatafuta neno. Sikulipata kule. Hapa pia sikulipata.

Jumapili, 17 Machi

Mama Pacha kaja na wanawe pacha, wameichukua cherehani yake. Kaniamkia vizuri. Kaniuliza kifua changu kinaendeleaje. Hakumtazama binti yangu, wala binti yangu hakumtazama.

Pale ilipokuwa, sakafu ni nyeupe kuliko kwingine.

Jumanne, 19 Machi

Nimekwenda kwake. Cherehani iko ukumbini, juu yake wameweka sufuria. Nikamwambia, mwanangu, hasira ni hasara. Akacheka: Baba, hizo methali zako tulikuja nazo kichwani, mizigo yote tukaiacha. Halafu akasema, sina hasira. Nimechoka tu kuhama. Nilidhani pale nimefika.

Nilinywa maji yake nikaondoka.

Nyumbani nikamkuta binti yangu anajaribu kuandika neno "mwajiri" kwenye kibao cha mlangoni. Rangi inatiririka. Akaniambia bila kugeuka: unadhani nafurahi? Nani alikwenda kwa mwenye nyumba kupiga magoti? Mimi. Ningekataa, wote mngesema nimewanyima paa.

Ni kweli pia. Ndilo linaloniua, kila mmoja nikimsikiliza namkuta na haki yake. Ingekuwa kuna mwovu hapa, ningelala.

Nikamwuliza kama atamfuata Dada yake. Baada ya ukaguzi, akasema. Kila kitu chake sasa ni baada ya ukaguzi.

Alhamisi, 21 Machi

Wamekuja. Naandika wakiwa upande wa pili wa pazia, hatua chache kutoka kitandani kwangu. Nikiiweka kalamu chini nitatoka, na nimeombwa nisitoke.

Wakaguzi wawili, mwanamume mwenye sauti laini na mwanamke asiyesema. Mshauri yupo pia. Kwenye nafasi ya Mama Pacha kakalishwa mke wa fundi baiskeli, hajui hata kutia uzi. Kaulizwa ameajiriwa lini, kajibu vizuri, kama alivyofundishwa. Binti yangu anaeleza tija. Anaeleza vyema, mwanangu! Angesoma huyu, kama tusingekimbia.

Sasa ni zamu ya Kimya.

— Na wewe, mama, mwajiri wako anakutendeaje?

Mkaguzi anarudia. Mshauri anamwambia, usiogope, sema tu.

Amesema.

Kwa lugha ya kwetu, na kwa sauti. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Amesema: huyu hajaniajiri. Mama yake alipofia njiani, mimi ndiye niliyemwosha, maji yenyewe niliyaomba kwa watu. Huyu alikuwa mdogo, alikuwa ameshika nguo yangu. Kibarua haoshi maiti ya mama wa bosi wake. Ndugu ndiye anayeosha. Waambie hivyo.

Mke wangu. Sikujua kuwa maji yaliombwa.

Mkaguzi anauliza amesema nini. Anauliza kwa adabu kabisa, kalamu yake naisikia inagonga meza.

Binti yangu ameelewa kila neno. Lugha hiyo nilimfundisha mwenyewe. Lakini nasikia anasema, kwa Kiswahili, kwa sauti iliyokauka: kile kilugha mimi sikijui vizuri. Baba yangu ndiye anayekijua. Ngoja nimwite awatafsirie.

— Baba!

Hakuja kunifungulia pazia. Amesimama palepale.

— Baba, njoo uwaambie amesema nini!

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili sikioni. Ananiita tena