Barua Iliyoziba Njia

Jumatano, 4 Aprili 2007

Siku ya thelathini leo. Bado naandaa vikombe viwili. Kimoja nakirudisha kabatini kabla maji hayajachemka.

Shemeji Salum kapiga simu kutoka Tanga. Hakuzunguka. Mama yao amekataa arobaini ya Faraji wangu! Hitma ya tarehe 14 haitasomwa nyumbani kwake. Anasema: hitma ya nani? Mwanangu kaniaga kwa miguu yake. Hamkunionyesha maiti, hamkunionyesha kaburi, mnataka nipike pilau? Na kila magharibi anamfunikia Faraji sahani yake.

Nilikaa sakafuni na simu mkononi. Mwezi mzima nadhani mimi na mama mkwe tunalia pamoja. Kumbe nalia peke yangu.

Salum anaomba picha za kaburi. Akiziona labda atakubali. Zipo. Mwenzake Faraji wa kazini hotelini alipiga tano kwa kamera yetu, siku ile ile ya maziko huku ughaibuni, makaburini Abu Hamour, maana sisi wanawake tulibaki nyumbani. Kamera iko kwenye droo ya soksi. Sijathubutu kuzitazama.

Internet kafe iko Al Sadd, lakini mimi niko eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, na hoteli wameniachia flati hii ya Mansoura mpaka nimalize. Kwa hiyo ni kompyuta ya Faraji. Haijawashwa tangu afe. Kitambaa alichoifunikia ndicho hicho hicho, kile cha maua kilichobaki kwenye dera langu.

Alhamisi, 5 Aprili 2007

Neno la siri liko chini ya kibodi, kwa mwandiko wake: jina la mama yake na mwaka tuliooana. Nililia kabla hata sijaanza.

Barua pepe ni hiyo moja tu, ya Faraji, na mimi nilikuwa naitumia. Alinifundisha mwenyewe. Kichwa cha barua andika "Salamu", alisema, hapo hukosei kamwe. Yeye zake zote aliandika hivyo. Nikaandika "Salamu". Nikambandikia Salum picha zote tano kwa kile kibanio, alama ya kuambatisha. Nikabonyeza tuma.

Mstari wa kijani ulitembea kidogo, ukasimama. Chini pameandikwa kuwa inatuma 1 ya 6. Nikahesabu: picha tano na barua yake, sita. Sawa. Nikasubiri. Adhuhuri, alasiri — mstari haujasogea hata upana wa ukucha! Halafu likatokea dirisha la kijivu: ujumbe ni mkubwa mno, seva imeukataa.

Seva ni nani anikatalie?

Ijumaa, 6 Aprili 2007

Nimepunguza. Picha mbili tu. Sasa inasema 1 ya 7.

Napunguza picha, hesabu inapanda! Nimezima. Nimewasha. Nimechomoa waya wa simu ukutani na kuurudisha, kama alivyokuwa akifanya yeye. 1 ya 7.

Jumamosi, 7 Aprili 2007

Proscovia wa mlango wa pili kaniletea samaki. Ni Mganda, anasafisha vyumba hoteli ile ile ya Faraji. Siku ya msiba yeye ndiye aliyenivua viatu, sikujua kama bado nimevivaa. Nikamweleza. "Bambi, pole dada Khadija," akasema, "hii kitu inataka mtu mwenye anajua mashine." Anamjua Tony, Mkenya, mlinzi wa jengo la ofisi. Huko watu wote wenye shida ya kompyuta humwita yeye kwanza.

Kampigia pale pale. Tony akasema picha za kamera ni nzito, zipunguzwe: bonyeza upande wa kulia wa mausi, kuna mahali pameandikwa kuifanya picha ndogo. Nikafanya. Ili kufanya ilibidi nizifungue.

Nimeziona, basi.

Mchanga. Kichuguu cha mchanga, jiwe kichwani, namba. Hakuna jina. Pembeni yake vichuguu vingine vingi vya namna hiyo hiyo. Kwenye picha ya tatu kuna kivuli cha mpigaji juu ya kaburi, na nikashtuka, nikadhani ni Faraji kasimama. Alikuwa na mabega kama yale.

Nimetuma moja tu, ile isiyo na kivuli. Imekuwa ndogo kabisa.

1 ya 8. Haiendi.

Jumapili, 8 Aprili 2007

Imekwenda!

Niandike vizuri. Leo Pasaka yao. Proscovia alipotoka kusali, gauni lake la kanisani bado mwilini, alimleta Tony. Mwanaume kuingia ndani, na mimi niko eda — haiwezekani. Mama mkwe angesikia angeanguka. Kwa hiyo Tony alibaki koridoni, nikaachia mlango wazi kidogo, Proscovia akasimama katikati. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, nimejitanda kanga mpaka puani, naye Tony haoni skrini, mimi simwoni Tony.

"Simama hapo hapo, usichungulie!" Proscovia akamwambia.

"Nachungulia nini sasa? Mimi naona tu kandambili zako, na si za leo."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Machi. Halafu nikaona haya.

Tony akasema: mwambie aangalie hapo kando, kuna mahali inaitwa Outbox, ndiyo barua zinangojea kutoka. Iko na ngapi? Proscovia akaniuliza kama vile sikusikia. Nikajibu nane. Proscovia akampasia: nane.

"Eeh! Ndio hiyo shida. Kuna moja kubwa imelala kwa mlango, zingine haziwezi toka. Ziko na kibanio?"

Nikatazama. Nane zote kwa Salum. Nane zote "Salamu". Nne zina kibanio, nne hazina. Hizo zisizo nacho nikaona ni zile nilizobonyeza ovyo Alhamisi nikihangaika.

"Mwambie afute zote za kibanio, abakishe ile ya mwisho. Aanze na ile kubwa ya juu. Halafu atume tena."

Nikafuta ile ya juu. Nikafuta nyingine mbili. Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukakimbia! 1 ya 5, 2 ya 5, 3... mpaka mwisho, kwa muda wa kupiga chafya mbili. Sanduku tupu. Proscovia alipiga vigelegele koridoni, jirani Mhindi akafungua mlango kuuliza nani kaolewa.

Tony hakutaka hata chai. Kaondoka anamwambia Proscovia anifikishie mashikamoo ya mwaka mzima. Kijana mwema.

Nimempigia Salum. Kesho kafe ya Ngamiani imefungwa kwa Pasaka, atapita Jumanne asubuhi. Mama ataona. Tarehe 14 hitma itasomwa. Nitalala leo.

Jumatatu, 9 Aprili 2007

Nilitaka tu kuitazama tena ilivyokwenda. Furaha ya kijinga. Nikafungua mahali pa barua zilizotumwa.

Tano. Ya mwisho ni yangu. Nikafungua ya kwanza.

"Salum mdogo wangu, hujambo. Mbona kimya kuhusu video niliyotuma juzi? Mama ameiona? Amecheka?"

Siyo yangu.

Niliisoma mara tatu. Ni ya tarehe 14 Februari. Ya pili ni ya 19 Februari. Ya tatu, 25. Ya nne, tarehe 3 Machi, siku tatu kabla hajaanguka ngazini.

Zilikuwa zake. Zote nne zilikaa humo, nyuma ya ile kubwa, tangu Februari, na mimi juzi nazihesabu pamoja na picha za kaburi lake!

Ile ya tarehe 3 naijua sasa kwa moyo. "Mwambie Mama nimepata likizo. Nakuja tarehe 19 mwezi wa tano. Asinipikie vitu vingi, ni kisamvu tu. Na kile chumba changu msikipe mtu. Mwambie asilie tena, nakuja."

Nimezituma mimi. Mkono huu.

Nimempigia Salum mara sita. Simu imezimwa.

Jumanne, 10 Aprili 2007

Nilikaa kando ya simu tangu alfajiri. Nilitaka kumwahi kabla hajafika kafe. Hakuwasha simu mpaka saa nane mchana, na sauti ilikuwa siyo yake.

Anasema alifungua akakuta jina la kaka yake kwenye mistari mitano. Hilo halikumtisha, anajua natumia sanduku lile. Alipoanza kusoma ndipo alipopiga kelele. Mwenye kafe alimletea maji. Akaniuliza: shemeji, ulikuwa unanifanyia nini? Nikamweleza yote: foleni, barua kubwa ya juu, Tony mlangoni. Akalia kama mtoto, akasema kumbe alituandikia. Walidhani ndugu yao kawachoka tangu Februari.

Nikamwuliza, Mama hajui?

Anajua, akasema.

Alizichapisha zote, na picha pia, azisome peke yake. Mama akamkuta mlangoni na karatasi mkononi. Salum hajui kumdanganya mama yake, hajawahi kujua. Mama akamwita jirani, mwalimu, amsomee. Mwalimu akasoma zote. Na mashine ya kafe, kwenye pembe ya kila karatasi, huchapa tarehe ya siku. Mama akaweka kidole pale: hapa pameandikwaje? Mwalimu akasema tarehe kumi mwezi wa nne. Yaani leo.

Wakamweleza. Salum kaapa. Kamwonyesha picha ya kaburi. Akaitazama sana. Akasema: huu ni mchanga. Jina liko wapi? Kisha akaishika ile barua: jina hili hapa.

Amemfukuza Salum jikoni. Ameagiza chokaa. Anakipaka chumba.

Nilikata simu nikabaki natazama kibodi. Herufi A imefutika kwa kidole chake. Kama Tony angeingia ndani, kama angeiona ile skrini kwa jicho lake dakika moja tu, angeuliza: hizi nne ni za nani? Mimi nilimweka koridoni kwa kuogopa Mama ataumia akisikia.

Baadaye nikakumbuka ile kubwa niliyofuta. Nikaitafuta kwenye pipa la barua zilizofutwa. Ipo, alhamdulillahi. Video.

Naijua hata kabla haijafunguka. Niliishika kamera mimi! Ni siku yake ya mapumziko, hapo hapo mezani, fulana nyeupe, anamenya chungwa. Ganda lilitoka refu bila kukatika, kama kawaida yake. Anatazama juu, anasema, "Shikamoo Mama." Halafu ananyamaza kidogo, kama anamwachia nafasi aitikie. Mimi nasikika nikicheka nyuma. Kisha anaendelea: "Mimi mzima kabisa, usiwe na wasiwasi..."

Wiki ile yote alikuwa ananiuliza mbona Mama hasemi kitu. Nilimwambia labda kompyuta ya kule mbovu.

Jumatano, 11 Aprili 2007

Simu ilipolia nilijua.

Alikuwa Mama mwenyewe, kwa simu ya Salum. Nikamwamkia. Akaitika vizuri, taratibu, akaniuliza nimekula nini. Kwa muda nilidhani kaelewa.

Kisha akasema: mwanangu Khadija, mimi sina ugomvi na wewe. Najua amekukataza kusema. Pengine ana kesi huko, au kafungwa. Au kaoa mwingine, anamwonea haya mama yake. Hayo tutaongea akija. Mimi nimeshapaka chumba, bado dirisha. Sitaki maelezo. Mpe simu.

Nikasema, Mama, Faraji amekufa. Machi 6, saa nne asubuhi. Nilimwona kwa macho yangu hospitalini. Nilimshika mguu, ulikuwa wa baridi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: sawa. Mpe simu nisikie sauti yake, neno moja tu, nikiisikia sitawasumbua tena. Hata hitma nitawapikia, ya yeyote mnayemtaka.

Nilimsikia Salum nyuma anasema: Mama, basi, Mama. Akamwambia: nyamaza wewe, nasubiri ndugu yako.

Nikasema, subiri Mama. Sijui kwa nini nilisema hivyo! Neno limetoka lenyewe. Nimeulaza mkono wa simu mezani, kando ya kibodi, na daftari hili lilikuwa hapo, ndiyo naandika, ili mkono uwe na kazi.

Video iko wazi tangu jana. Sikuifunga. Faraji kainamia chungwa, ganda linaning'inia. Ni kubonyeza tu. Salamu, kisha ile nafasi aliyoiacha. Inatosha mtu mzima kusema marahaba.

Mama bado yuko kwenye laini. Nasikia brashi ikiwekwa chini, kwenye ndoo. Nasikia anapumua.

"Haloo?" anasema. "Faraji?"