Maji ya Kijani

Jumatatu, 3 Februari
Shemeji kanipokea kwa matusi. Wazee wanaotunzwa kwenye makao yetu wameoga maji baridi, na baridi yenyewe ya kukata mifupa. Ati mimi fundi boila nalala kazini. Nikamwambia presha ya boila inashuka kila siku — maji yanavuja mahali. "Basi tafuta!" Akapiga ukuta ngumi. Ndiye meneja, ndiye kaka wa mume wangu. Nikarudi kwenye boila.

Jumatano, 5 Februari
Nimelegeza skrubu ya kutoa hewa kwenye pampu. Yakatoka maji ya kijani, yanateleza. Kumbe shemeji kamimina humo madumu matatu ya dawa ya rejeta za magari, mabomba yasigande. Nikamweleza taratibu: pampu hii inataka maji safi, au yaliyochanganywa na dawa isiyo na sumu, tena isizidi nusu. Hii ya magari inaua. Akanizaba kofi mbele ya dobi. Dobi kainamia ndoo yake.
Nyumbani, mume wangu: mvumilie, ndiye aliyenilea.

Ijumaa, 7 Februari
Nimepata panapovuja. Koili, lile bomba la kujizungusha linalopitisha maji ya boila ndani ya tangi la maji ya kuoga, imetoboka. Yaani sumu inatoka bombani — kwenye beseni, kwenye vikombe. Babu wa chumba cha nne anatapika tangu asubuhi, anayumba kama mlevi. Nesi kamkimbiza hospitali.
Nikafunga maji ya moto jengo zima. Shemeji akanipiga spana kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa ukilia. Nikamtandika kifuniko cha pampu usoni. Jino lake likaanguka sakafuni. Sijajuta.

Jumamosi, 8 Februari
Naandika kwa mkono wa kushoto. Babu kafa alfajiri. Nesi kawaita polisi, wako njiani. Shemeji kaja na mpira wa maji, anataka kumwaga yote na kusafisha mabomba kabla hawajafika. Nimejifungia chumba cha boila. Hamwagi hata tone; ndio ushahidi.
Anabomoa mlango kwa nyundo. Ananitukania mama yangu. Komeo limepinda, bawaba ya juu imeng'oka.
Sasa nasikia sauti ya mume wangu huko nje. Hajaniita. Anamwambia kaka yake, polepole kabisa: nipe mimi hiyo nyundo.
Nyundo imenyamaza. Spana iko mapajani, na sijui anaichukua kumzuia kaka yake au kuumalizia mlango.