Mchanga Kwenye Keria

Bangwe, Kigoma
Agosti 1997

Mama mkwe, shikamoo.

Nakusalimu kutoka huku ukimbizini. Dagaa wa mwezi huu ni wanene, na jua la kuwaanika lipo.

Goti langu, lile lililovunjika tukikimbia, sasa linakunjika. Daktari ameniruhusu kupanda baiskeli, ila nisibebe mzigo. Simtii. Nimezoea uzito nyuma. Keria ikiwa tupu baiskeli inayumba, nami naogopa kuanguka tena. Kwa hiyo nafunga gunia la mchanga, kisha napiga pedeli kando ya ziwa mpaka jasho linitoke.

Jana nilijaribu mteremko wa Rusimbi. Nilipoachia breki nikasema kwa sauti, kama zamani, "Lyse, shika vizuri!"

Nikashuka. Nikalia mbele za watu.

Mama, kila barua unauliza kwa nini mwanao Lyse haandiki. Homa ilimchukua mwezi wa nne, tukamzika kule Simbo. Kila nikishika kalamu nikuambie, najikuta naandika habari za goti.

Mchanga nimeumwaga. Kesho naenda kaburini kwake na keria tupu, hata nikiyumba.

Mkweo,
Ndizeye