Mfuko wa Kamera Yako

Mke wangu,

Hii ni barua ya nne ninayompa dada yako akufikishie. Mimi mzima, ila paka wako amegoma kula.

Jana nimezunguka maduka matatu kuitafutia kamera yako ndogo mfuko. Wa ngozi halisi bei yake haishikiki. Nimechukua wa ngozi bandia, wa kahawia, mtindo wa kizamani wenye vifungo vya shaba, kama ule wa marehemu baba yako. Mkanda wake mrefu, maana najua unapenda kuivaa kimshazari.

Kamera imeenea humo sawasawa. Fundi anasema lenzi haitafunguka tena, lakini ukishafunga vifungo, kwa nje huwezi kujua.

Nyumba imenishinda. Rudi, mke wangu, nakupigia magoti. Kama huwezi, niandikie neno moja tu, hata tusi.

Jambo moja linanikereketa tangu jana. Mwenye duka aliniuliza, “Unataka kuikinga na nini hasa, baba? Mvua? Kuanguka?”

Nikamwambia vumbi. Sikuthubutu kumwambia kuwa ni mkono huu huu unaokuandikia ndio ulioibamiza ukutani.

Mumeo, kama bado unaniita hivyo.