Gogo Lako Limepanda Subukia

Mama Jerida,

Tumeenda. Nimeona nikuambie hilo kwanza kwa sababu najua huna subira na salamu. Jumatatu ya Pasaka lori lilitoka hapa landhi, kwenye nyumba zetu za reli, asubuhi, likapita Bahati, likateremka bonde la Subukia, likapanda ule mlima wako na kutufikisha Nyahururu kwenye maporomoko. Tulifika sote na tumerudi sote. Chakula kilitosha kikabaki. Sasa keti nikueleze vizuri.

Mchungaji akijua ninakuandikia atanikemea. Atasema marehemu haandikiwi barua, ameshapumzika. Lakini mimi sikuwahi kukuona ukipumzika hata siku moja, na sioni kwa nini uanze sasa.

Tangu tukuzike, hapa nyumba za reli mambo yamebadilika kidogo kidogo. Bomba la maji wamelisogeza mpaka mwisho wa safu yetu, na kila mtu anasema hivyo ndivyo ungependa, ijapokuwa wewe ndiwe uliyegombana na watu wote lisisogezwe. Kwaya imempata mwimbaji mwingine wa sauti ya pili. Anaimba vizuri kuliko wewe, nisikufiche. Mimi bado niko chumba kile kile upande wa pili wa ukuta wenu. Zamani kikohozi chako kilikuwa kikiniamsha alfajiri nami nakasirika. Siku hizi ni kimya kinachoniamsha, na hakuna wa kukasirikia.

Mwezi wa tatu wanaume walifanya mkutano wao wa kupanga Pasaka. Baba Ezra alirudi nyumbani amefurahi kama mtu aliyeniletea kitenge. Akasema, "Tumewapangia vizuri. Mwaka huu hakuna haja ya kusumbuka na lori na hii mvua. Mama Jerida mwenyewe hayuko. Mtapika hapa hapa uwanjani, turubai tumepata. Chakula ni ile ile."

Chakula ni ile ile. Mume wangu ni mtu mwema, unamjua, lakini miaka yote hii alidhani tunakwenda Nyahururu kula kuku.

Ningegombana naye wapi? Kuta zetu hizi, mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya tano wanamwambia pole. Mwanamke akilia, kesho bombani kila mmoja anamtazama macho. Akigombana na mumewe, anagombana kwa kunong'ona. Wewe ndiwe uliyegundua yale maporomoko yanafaa nini. Ule mwaka wa kwanza tulisimama pale ukingoni, upande wetu, mbali na hoteli ya Wazungu, maji yanaanguka kwa kishindo hata mtu aliye kando yako humsikii. Ukanipa kikapu nikushikie. Ukajishika kiuno, ukafungua mdomo, ukapiga kelele. Nilikuona mishipa ya shingo imesimama na sikusikia neno hata moja. Ulipomaliza ukajifuta uso, ukachukua kikapu chako, ukanisukuma mbele: "Na wewe. Sema yote. Hapa hakuna ukuta."

Tukapanga mstari, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kuteka maji. Mama Sarah alipiga kelele mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Tulirudi siku ile tukiimba, na wanaume wakasema, mnaona, hewa ya milimani ni nzuri.

Hayo ndiyo waliyotaka kuyaweka chini ya turubai uwanjani. Nikaamua hapana. Unanijua mimi si mtu wa kuamua, mimi ni mtu wa kufuata aliyeamua. Lakini nilitazama huku na huku nikitafuta wa kumfuata, nikakuta nafasi yako iko wazi na kila mtu ananitazama mimi.

Nilikwenda kwa Kiptoo, dereva wa lile lori la mahindi. Nilimkuta chini ya injini, miguu tu nje. Akanisikiliza bila kutoka. Akasema, "Mama, lori iko, na tajiri yake atakubali. Lakini bila ile gogo ya Mama Jerida, mimi sipandi Subukia. Na matope hii? Sipandi."

Nikamwambia tanboi wake, yule msaidizi wa lori, ataweka mawe nyuma ya magurudumu. Hapo ndipo alipotoka akakaa, akanitazama.

Hakuwa na haja ya kunikumbusha. Nilikuwepo mwaka ule wa kwanza, tumeshuka wote kupunguza mzigo, lori likakwama kwenye kona, tanboi akaweka jiwe nyuma ya gurudumu na jiwe likapasuka. Lori likarudi nyuma taratibu, taratibu, mpaka likaegemea ukingo wa mlima. Lingeegemea upande wa pili tungekuwa tunalizungumzia jambo jingine. Wewe ulimwambia tanboi mbele ya watu, "Mimi sitazikwa Subukia kwa sababu ya uvivu yako." Mwaka uliofuata ulikuja na gogo la mtarakwa la kuzuia gurudumu, lililochongwa upande mmoja mwembamba upande mmoja mnene, limetobolewa na kutiwa kamba ya mkonge, na hukumpa tanboi alishike hata kidogo. Ukalibeba mwenyewe nyuma ya lori, mlima mzima, mwanamke mwenye mwili kama wako, magauni umeyakunja kiunoni. Na sisi nyuma yako na masufuria kichwani, kwa sababu ulikataza chakula kibaki ndani. Ulisema, "Lori ikianguka, sisi tutakula."

Gogo lilikuwa kwa Baba Jerida. Nalijua lilipo kwa sababu nalipita kila siku: amelifanya kiti. Jioni akitoka karakana analiweka mlangoni analikalia, mikono magotini, anatazama reli. Hazungumzi na mtu. Watu wakamwacha hivyo, na mimi pia.

Sasa fikiria, Mama Jerida. Nikaombe kwa mjane kiti alichokalia.

Nilimletea uji kwanza. Akanywa. Nikamwambia, "Baba Jerida, naomba hiyo gogo. Ya Pasaka." Akaendelea kutazama reli. Nikasimama pale na kikombe chake mkononi, nikifikiri nirudi nyumbani niseme tu turubai ni zuri. Miguu ilitaka. Nikaiambia ikae. Baadaye akasema, "Nani atabeba?" Nikasema mimi. Na yeye, ambaye hakuwa amecheka tangu mwezi wa saba tulipokuzika, akacheka. Si kwa ubaya. Anajua mimi ndiye niliyekuwa nikitembea mbele ya lori mlima wote, kwa sababu aliye nyuma ndiye atakayesagwa. Hata wewe ulikuwa ukinicheka. "Mama Ezra, wewe enda mbele uambie ng'ombe watoke." Na kweli nilikuwa nawaambia.

Akainuka. Akalipangusa kwa mkono, akanipa kamba. "Lirudishe," akasema, akaingia ndani.

Baba Ezra nilimwambia jioni ile ile, kwa sauti yangu yote, ukuta usikie. Nikasema turubai wakaliazime wengine, sisi tunaenda Nyahururu kama kawaida. Upande wa pili wa ukuta mwingine Mama Sarah akapiga makofi. Baba Ezra akasema haya, haya, na asubuhi ya Pasaka yenyewe nikamkuta ananipakia kamba mafuta isinikate mkono.

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia safari. Pale Bahati barabara ilikuwa nzuri, watoto wakaimba, na askari wa kizuizi cha barabarani akachungulia ndani ya lori, akaona masufuria, akatupungia mkono. Nikakumbuka ile miaka ya hali ya hatari, jinsi ulivyokwenda kusimama ofisini kutuombea kibali cha kusafiri, siku baada ya siku, mpaka wakakupa ili usirudi tena. Subukia ilikuwa kijani kitupu, kahawa imeoshwa, ng'ombe wa walowezi wamejaa majanini. Ungeipenda. Halafu tukafika chini ya mlima, Kiptoo akasimamisha lori, na hakuna aliyeambiwa ashuke. Tulishuka tu.

Mama Jerida, niliogopa. Nilishika gogo kwa mkono wa kulia kama wewe, nikasimama nyuma ya gurudumu la kushoto, kando kidogo kama ulivyokuwa ukisimama. Gurudumu lile ni kubwa mtu akiwa karibu nalo. Mimi sikuwa nimelijua, nilikuwa nimezoea kuona taa za mbele. Tope lilinirukia mpaka kwenye meno. Nyuma yangu wenzangu walianza ule wimbo wa kupandia, na sauti ya pili ilikuwa nzuri mno, nikatamani iharibike kidogo.

Nilikuwa narudia maneno yako kila hatua. "Usisikize injini, injini itakudanganya. Angalia gurudumu." Uliniambia hivyo tukiwa tunafua nguo, mwaka juzi, nami sikuuliza kwa nini unanifundisha mtu wa mbele mambo ya nyuma.

Pale kwenye kona, unayoijua, bonde lote likiwa chini mkono wa kushoto, gurudumu lilizunguka mahali pamoja, likatapika matope, likatulia. Injini bado inanguruma kama iko safarini. Nikaona gurudumu linataka kurudi. Kidogo tu, upana wa kidole. Nikalisukuma gogo chini yake kwa mikono miwili, nikaanguka kwa magoti, lori likaja nyuma, likapanda kwenye mti ule, mti ukalia. Ukashika.

Wimbo ukakatika.

Na Kiptoo, huko mbele, bila kutoa kichwa nje, akaita kama alivyokuwa akiita miaka yote: "Mama Jerida, iko sawa?"

Sijui alisikia mwenyewe alichosema. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, shavu langu karibu liguse gurudumu, na nilitaka kumwambia hayupo, Kiptoo, tulimzika, wewe mwenyewe ulileta udongo wa kaburi lake kwa lori hili. Lakini lori lilikuwa linangoja jibu. Nikaita, "Iko!" Nikaita kwa sauti yako, ile ya kugombana. Akakanyaga mafuta, wenzangu wakasukuma, na tukapanda. Nililirudia gogo nikalitoa barabarani, sikuliacha, usiniulize.

Lori lilipofika juu ndipo nilipomwona aliyekuwa mbele. Ni Jerida wako. Alikuwa amekataa kuja, tangu Ijumaa Kuu amekataa, na asubuhi akaja dakika ya mwisho na viatu mkononi bila kusema neno. Sikujua alikokwenda tuliposhuka. Kumbe alitangulia mlima wote na fimbo, anawatoa ng'ombe barabarani. Nikamwuliza nani amekutuma. Akasema, "Hakuna mtu alikuwa mbele."

Nililia hapo. Si pale kwenye gurudumu, ni hapo.

Maporomoko yamejaa sana kwa mvua. Moshi wa maji unafika juu kabisa, tulilowa nywele. Tulipanga mstari kama kawaida, na wakaniweka wa kwanza, mahali pako. Miaka yote nilikuuliza huwa unasema nini pale, nawe ukanijibu, "Namwambia Mungu bei ya unga." Sikukuamini. Yangu mimi nakuambia, kwa sababu hapana ukuta kati yetu sasa: niliita jina lako. Lile la kuzaliwa, la kwenu, si la mtoto. Niliita mpaka koo likauma, nikakuambia nimekasirika kwamba ulificha kile kichomi mpaka ukashindwa kusimama, nikakuambia ulikuwa rafiki yangu na sikukuambia hata siku moja kwa sababu tulikuwa tunasikiana kila saa nikadhani unajua. Nikasema yote. Halafu nikajifuta uso nikamsukuma Jerida mbele. Alisimama muda mrefu na mdomo umefungwa. Kisha akaufungua. Alichosema ni chake.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Baba Jerida alikuwa amesimama mlangoni, hana pa kukaa. Nikampa gogo lake, nimelisafisha mtoni Nyahururu. Akaligeuza. Unajua zile alama za gurudumu, mibonyeo ile uliyoiacha kila mwaka, moja juu ya nyingine. Alizipitishia kidole mpaka akafika kwenye yangu, ambayo bado ni nyeupe.

"Hii ni mpya," akasema.

Nikasema ndiyo. Akaliweka chini, akalikalia upande mwingine, alama zikabaki wazi. Akaniuliza matope yalikuwa namna gani pale konani. Tukazungumza mpaka Jerida akamwita kula.

Basi ndiyo hayo. Sikukuaga vizuri hospitalini, waliniambia nitoke upumzike, nikatoka. Sasa nakuaga. Nenda salama, Mama Jerida. Kila Pasaka mimi nitalibeba gogo lako nyuma ya lori, matope yakiwapo au vumbi, wanaume wakipanga wasipange, na mikono yangu ikichoka nitampa Jerida kamba na kumwonyesha pa kusimama. Mpaka hapo yeye yuko mbele, anawaambia ng'ombe watoke.

Gogo liko mlangoni kwenu. Mimi niko upande wa pili wa ukuta.

Mama Ezra