Zamu Yangu ya Jumuiya

Jumapili, 11 Januari

Misa sijaenda tena. Nimepiga pasi gauni, nimelivaa, nimekaa nalo kitandani mpaka kengele ya pili, nimelivua. Jirani akiuliza, kichwa kinauma. Kichwa changu hiki, mwaka mzima kinauma Jumapili tu.

Shule inafunguliwa keshokutwa. Mimi ndiye mlezi wa wanafunzi Wakristo, na mlezi ndiye anayefungua mwaka kwa sala. Sala ipi? Sina.

Jumanne, 13 Januari

Kidato cha kwanza wamejaa. Sare zinawapwaya, wamenunuliwa za kukulia. Baada ya mstari wakakusanywa kwa ajili ya sala. Nikasema sauti imekauka, nikamwachia mwenyekiti wao wa kidato cha tatu. Nikasimama nyuma kama mgeni.

Kabinti kamoja kakanyoosha mkono. "Madam, tukifunga na kuomba, tutafaulu?" Nikamwambia kengele imegonga. Haikuwa imegonga.

Maneno hayo ni yangu. Ndiyo niliyowaambia kidato cha nne wa mwaka juzi: fungeni, ombeni, Mungu hatawaaibisha. Veronika aliamini kuliko wote. Alifunga mpaka midomo ikapasuka. Akapata ziro. Sasa anauza dagaa stendi ya Buhongwa. Tunakaa mtaa mmoja, tuko jumuiya moja. Kila akiniona, "Shikamoo Madam," kwa heshima zote, na mimi naitikia marahaba huku natamani ardhi ipasuke.

Tangu matokeo yale sijasali. Sikugombana na Mungu. Nilimwonea aibu, basi. Siku hizi najionea mwenyewe.

Alhamisi, 15 Januari

Nimekutana na Mama Kulwa dukani, mwenyekiti wa jumuiya. "Mwalimu, Jumamosi ni zamu yako, tunakuja alfajiri." Jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba anatandika kitambaa cheupe mezani, anaweka msalaba na mshumaa, baadaye chai. Msalaba wangu uko chini ya sanduku la nguo. Nikamwambia karibuni sana.

Jioni nikamtumia ujumbe: mama anaumwa, naondoka na meli kwenda Bukoba. Mama yangu ni mzima kabisa, juzi alikuwa anapalilia migomba. Nimemtia ugonjwa kwa kidole gumba.

Jumamosi, 17 Januari

Wamekuja!

Nilidhani watahamia kwa mtu mwingine. Kumbe ratiba ni ratiba, mwenye nyumba asipokuwepo wanasali barazani kwake. Nikajilaza sakafuni, chini ya dirisha, kibofu kimejaa. Choo kiko nje. Rozari nzima. Na aliyeongoza ni Veronika, sauti ile ile ya shuleni, haijapungua kitu. Tendo la nne akamwombea mama mzazi wa Madam wetu, Bwana amwinue kitandani. Akaniombea na mimi, ziwa litulie nifike salama. Nikajiziba mdomo kwa kanga.

Walipomaliza nikasikia ufagio. Walikuwa wanafagia uwanja wangu. Wakamwagilia na mchicha wangu. Wakaondoka wanaimba.

Nimetumia ndoo. Haya, nimeandika. Mwalimu wa dini amekojoa kwenye ndoo kwa kumkimbia muuza dagaa.

Jumapili, 18 Januari

Mama kapiga simu. Pasaka alipokuja kunitembelea, Mama Kulwa alichukua namba yake. Leo asubuhi kampigia kumpa pole.

"Nikamwambia nimepata nafuu, na wewe uko jikoni unanipikia uji," mama kasema. "Nimedanganya, Ade. Rozari iko mkononi. Kwa umri huu."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akasema nikipata nafasi nimweleze, nisipopata basi, akakata.

Uongo wangu nilikuwa naubeba mwenyewe, sasa nimemtwisha mama.

Jumatatu, 19 Januari

Nimefundisha vipindi vyangu vyote. Sikumbuki nilichofundisha.

Jumatano, 21 Januari

Nimekwenda kwa Mama Kulwa baada ya kazi. Njia nzima napanga maneno. Kufika tu, Veronika huyo, amekaa mkekani na ungo anachambua dagaa. Nikataka kugeuza. Mama Kulwa akaniwahi, "Karibu kiti, mwalimu." Sikukaa. Nikasema hapo hapo nimesimama: sikwenda Bukoba, nilikuwa ndani.

Mama Kulwa akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwalimu jamani! Mtu wa safari anafunga kufuli kwa nje. Wewe umejifungia komeo kwa ndani. Tulijua tangu tunafika."

Walijua. Walijua, wakasali, wakafagia.

"Mama yako nilimpigia kwa hofu, nikasema huyu asije akawa amezidiwa humo ndani. Naye masikini, kudanganya hajui. Alikuwa anatafuna maneno."

Nikamgeukia Veronika. Nikamwambia nilikuahidi kitu ambacho sikuwa na mamlaka ya kukiahidi, naomba unisamehe. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua.

"Ziro niliililia ikaisha, Madam," akasema. "Iliyobaki ni wewe. Ukiniona stendi unahama njia. Nikawa nasema, kumbe hata Madam ananionea aibu."

Nilikuwa najionea aibu mimi, lakini yeye angejuaje? Nililia kama mtoto, mbele za watu. Nilipotulia nikamuuliza mbona yeye bado anasali. "Nisali nisisali, dagaa nitauza tu," akasema. "Afadhali nisali." Hakusema amenisamehe. Alinisogezea ungo, nikachambua naye mpaka magharibi. Mikono bado inanuka.

Nimempigia mama. Nimemweleza yote, hata ndoo. Kacheka kwa ndoo. Kwa mengine hakucheka.

Jumanne, 27 Januari

Leo sala nimeongoza mwenyewe. Nimekaita kale kabinti, nikakajibu mbele ya wenzake: sijui. Mtu anaweza kufunga na akafeli. Someni kwa bidii, na kuomba tutaomba vilevile. Hakakuridhika, nimekaona. Hata mimi sijaridhika, ila sijadanganya.

Katikati ya sala nikakwama. Wakadhani nimemaliza, wakasema Amina.

Jumamosi, 31 Januari

Zamu yangu imerudiwa. Nimeamka mapema, nimefagia, nimetandika kitambaa. Msalaba ulikuwa na vumbi, nimeufuta.

Wameingia wote, viti havikutosha, wengine wamekaa kitandani kwangu. Veronika kaongoza. Tulipofika kwenye maombi, Mama Kulwa akasema tuanze na nia ya mwenye nyumba. Nikataka kusema amani duniani. Nikasema imani yangu ni ndogo, na nimepewa watoto wa watu.

Nilitegemea kimya, au mtu akohoe. Wakaitikia wote kwa pamoja, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kwa sauti ile ile wanayoombea mvua. Kisha tukamwombea Doto wa Mama Kulwa, pacha wake Kulwa, ana homa tangu juzi.